Yai la Kainuk: Chakula au Kifaranga?

Sisi watu wa pwani tukivunja yai tukaona doa jekundu, mkono husita. Mmoja husema ni kifaranga hicho, mwingine husema kuku alikuwa mgonjwa, na mwisho wake yai huliwa na paka. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa chuoni, lakini ni huko Kainuk nilikoona jambo hili likigusa riziki ya mtu.

Kainuk iko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, kwenye njia kuu ya Kitale na Lodwar. Utajiri wa Waturkana tangu jadi ni ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Kuku ni mgeni. Hawezi safari za kufuata malisho, akaja pamoja na maduka na vibanda vya barabarani. Katika kibanda kimoja, mama muuza chai alikuwa na kuku saba na jogoo mmoja, na mayai yake aliyaweka katika karai chini ya paa la bati. Dereva wa lori, Mwislamu mwenzetu, aliagiza mayai mawili ya kukaanga. La kwanza lilipovunjwa, mishipa myekundu ilikuwa imetanda juu ya kiini mfano wa utando wa buibui. Dereva alisukuma sahani akaondoka, hata chai hakuilipia.

"Mzee, hii mayai ni ya wiki hii tu," mama aliniambia. "Na hakuna kuku amelalia."

Wallahi alisema kweli. Kuku hutaga hata bila ya jogoo. Kazi ya jogoo ni vifaranga. Yai lenye mbegu yake huanza uhai lingali tumboni, ambamo hukaa kiasi cha saa 25 katika joto la nyuzi 41. Likishatagwa likapoa, uhai ule husinzia, na waweza kusinzia juma zima kisha ukaamka salama chini ya kuku. Lakini usingizi huo wataka ubaridi. Joto likipita nyuzi 27 hivi mbegu huanza kukua, na mchana wa Turkana aghalabu hupita 35. Basi bati huiamsha, usiku joto halitoshi, wala hakuna wa kuligeuza yai, mbegu hufa. Ndiyo mayai viza hayo.

Kutotoa kwataka nyuzi 37 na nusu hivi, usiku na mchana, siku 21. Wamisri waliijua hesabu hiyo zamani: Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri yapata mwaka 1200, alieleza matanuri yaliyopashwa joto kwa samadi, ambamo vifaranga walitotolewa bila ya kuku. Mafundi wa matanuri hayo hupima joto kwa kuliweka yai juu ya kope la jicho.

Ama lile doa dogo la damu katika yai jipya, silo kifaranga. Ni mshipa uliopasuka ndani ya kuku kiini kilipokuwa kikijitenga, na hata kuku asiyemjua jogoo hutaga yai la namna hiyo. Bibi zetu waliliondoa kwa ncha ya kisu. Mishipa iliyotanda ni habari nyingine, na kifaranga aliyefia ndani ya yai ni mzoga. Mzoga na damu vimeharimishwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 3. Lakini yai lenye mbegu iliyosinzia ni chakula kama mayai mengine, na uani kwetu, penye jogoo daima, ndilo tulilokulia.

"Sasa nichinje jogoo?" mama aliuliza.

Nilimwambia kwamba hata akimchinja, mbegu yake hukaa ndani ya kuku majuma mawili au zaidi, na vifaranga atavitoa wapi? Afadhali ayaokote asubuhi na jioni, ayaweke kivulini ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, na yaliyotangulia yauzwe kwanza. Kuku akitaka kuatamia apewe yaliyo mapya kabisa, yatiwe alama ya mkaa.

Akapiga hesabu. Mayai kumi chini ya kuku ni sahani tano zisizouzwa, na mwewe naye atachukua fungu lake. Alimpa kuku sita.