Klachi Mpya Inaposumbua, Anzia Kwenye Waya

Mtu amebadilisha pleti za klachi, cheni na sproketi nyumbani. Vifaa vyote vipya, lakini pikipiki inakwenda vibaya kuliko zamani. Kishawishi ni kufungua kava la injini upya siku hiyohiyo. Usilifungue bado. Klachi ina magonjwa mawili makuu yanayopingana, na dawa ya mmoja huzidisha mwingine.

Wa kwanza ni kuteleza: uko gia ya juu, unavuta mafuta, injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Wa pili ni kutoachia: umebana liva mpaka mwisho, namba moja imeingia, na pikipiki bado inasogea au inazima. Gia zinagonga na nyutro haipatikani.

Baada ya kuweka pleti mpya, huo wa pili ndio wa kushukiwa kwanza. Katika pikipiki nyingi za klachi ya waya, pleti zikilika, ulegevu wa liva hupungua, na mwenyewe huulegeza waya kidogo kidogo miezi yote hiyo ili kuurudisha. Ukiweka pleti nene, waya uliorekebishwa kwa pleti zilizolika unakuwa mlegevu mno. Liva inamaliza safari yake ikikusanya ulegevu tu, na pleti haziachani. Kaza nati ya kurekebishia. Pikipiki nyingi za Honda, kwa mfano, hutaka ncha ya liva icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ukiondoa ulegevu wote nao, klachi itateleza na kuunguza pleti ulizonunua juzi.

Waya ukiwa sawa na bado inateleza, nenda kwenye oili. Pleti hizi zinaishi ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano ambavyo klachi haivitaki kabisa. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Hapa sioni sababu ya kubana matumizi.

Usiisahau sproketi. Ukifunga ya mbele yenye meno 15 badala ya 14, pikipiki inakuwa nzito kuondoka, na dereva huburuza klachi kwa muda mrefu zaidi akidhani ni mbovu. Tofauti yake na kuteleza ni wazi: barabarani, kwa mwendo uleule, injini inazunguka polepole kuliko zamani, wala hailii bure. Cheni iliyokazwa kupita kiasi nayo hufanya pikipiki iwe nzito na huumiza beringi, kwa hiyo ipime kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Ikibidi kufungua, kagua kazi yako mwenyewe. Je, pleti za msuguano zililowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa? Pleti za chuma zilaze juu ya kioo. Iliyopinda itaonyesha mwanga chini yake. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, maana nguzo zake ni za aluminiamu na hukatika upesi. Kisha pitisha kidole kwenye mifereji ya hauzingi ya klachi. Meno ya pleti huichimba vijishimo, na pleti mpya zikinasa humo haziachii hata waya ukirekebishwa mara ngapi. Vijishimo vidogo husawazishwa kwa tupa. Vikiwa vya kina, badilisha hauzingi.