Alama za kalisi moyoni: Je, kompyuta yaaminika?

MTU anayepimwa kalisi ya moyo kwa mashine ya CT hurejea nyumbani na nambari moja tu. Nambari hiyo yaweza kuamua iwapo atameza tembe za kupunguza kolesteroli kwa miaka mingi. Je, programu ya kompyuta inayoitoa ni ya kutegemewa kwa kiasi gani?

Kalisi hujikusanya katika kuta za mishipa inayoulisha moyo damu, pale ambapo mafuta yameganda. Mnamo 1990, Dkt Arthur Agatston na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya kuipima, na hadi leo alama hizo huitwa kwa jina lake.

Ung'avu wa picha hupimwa kwa vizio vya Hounsfield, ambapo maji ni 0. Doa linalofikia vizio 130 huhesabiwa kuwa kalisi. Kisha ukubwa wake, kwa milimita mraba, huzidishwa kwa 1 iwapo kilele cha ung'avu wake hakijafika 200. Kwa 2 kikiwa kati ya 200 na 299. Kwa 3 kikiwa kati ya 300 na 399. Na kwa 4 kuanzia 400. Madoa yote hujumlishwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Chukua doa la milimita mraba 10. Kilele kikiwa 199, alama ni 10. Kikiwa 200, alama ni 20, ilhali mgonjwa ni yule yule. Chengachenga katika picha au moyo unaodunda kwa kasi vyatosha kuleta tofauti hiyo.

Isitoshe, si kila doa jeupe ni la mishipa ya moyo. Lipo la mfupa, la vali, la mshipa mkuu wa aota na la stenti ya chuma. Kwa desturi, ni mtaalamu anayebainisha lipi lihesabiwe. Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazojichagulia zenyewe, lakini nazo huweza kukosea, hivyo jicho la daktari lingali linahitajika.

Hata hivyo, programu tofauti zikipewa picha zile zile, kwa kawaida majibu yao hukaribiana, kwani kanuni ni moja. Tofauti kubwa zaidi huzuka mtu anapopigwa picha upya, hasa kwa mashine nyingine.

Kwa mwenye alama 900, kupungua kwa 20 hakubadilishi lolote. Lakini kwa aliye na 95, mambo ni mengine. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 2018 ulipendekeza dawa kwa walio katika hatari ya wastani wakifikia alama 100. Mwenye 0 angeweza kuahirisha, mradi havuti sigara, hana kisukari na jamaa zake wa karibu hawakuugua moyo mapema.

Nayo 0 si kinga. Mafuta laini yasiyo na kalisi hayaonekani katika kipimo hiki, na maumivu ya kifua yahitaji uchunguzi mwingine.

Basi ukipewa alama iliyo karibu na mpaka, muulize daktari wako picha ilikuwa safi kiasi gani, na uhifadhi nakala yake. Ukirudia kipimo, heri mashine iwe ile ile. Kuuliza si ujinga.