Kihamba Mbele ya Hakimu: Lugha, Mila na Mashauri ya Mirathi katika Mahakama za Mwanzo za Moshi

Utangulizi

Makala haya yanaeleza kazi ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anaposikiliza mashauri ya madai, hususan ya mirathi, katika mji wa Moshi na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro. Hoja inayoongoza ni kwamba hakimu huyo, kabla ya kuwa mwamuzi, ni mfasiri. Mashahidi humletea mambo yaliyozaliwa ndani ya Kivunjo, Kimochi, Kimashami au Kirombo. Sheria humtaka ayaandike kwa Kiswahili. Na kwa miaka mingi hukumu yake ilipokatiwa rufaa iliamuliwa kwa Kiingereza. Katika kila kituo cha safari hiyo neno huweza kupungukiwa na kitu, na mara nyingine kinachopungua ni haki ya mtu.

Usuli

Katika enzi ya utawala wa Waingereza mashauri ya wenyeji yalisikilizwa katika mabaraza yaliyokuwa chini ya mamangi, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 na ile ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1951. Baada ya Uhuru, machifu waliondolewa madaraka, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja. Mahali pake palichukuliwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 1984, ambayo ndiyo iliyompa hakimu wa mwanzo sura anayojulikana nayo zaidi: mtumishi wa serikali aliyesomea sheria, ameketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Chini ya sheria hiyo wazee hao hawakuwa pambo. Hitilafu ya maoni iliamuliwa kwa kura, na wazee wawili waliokubaliana waliweza kumshinda hakimu.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kwamba kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Mdai alijieleza mwenyewe, mdaiwa alijibu mwenyewe, na maswali ya kuufumbua ushahidi yaliulizwa na hakimu na wazee wake. Lugha ilikuwa Kiswahili peke yake. Kwa mtafiti wa isimujamii, majalada ya mashauri hayo ni hazina isiyochimbwa vya kutosha. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alionyesha kwamba kile kilichoitwa mila kilikuwa kikibadilika muda wote chini ya jina lilelile, kwa shinikizo la kahawa, la makanisa na la uhaba wa ardhi. Hakimu wa leo anapoambiwa na shahidi kwamba "mila yetu iko hivi tangu zamani," anayo sababu ya kuuliza zamani ipi.

Neno kihamba

Hakuna neno linalomsumbua hakimu wa Kilimanjaro kama kihamba. Kamusi ya haraka ingelitafsiri kuwa shamba, lakini Wachagga wenyewe wanalo neno shamba, na hulitumia kwa ardhi ya tambarare inayolimwa mahindi. Kihamba ni kitu kingine. Ni mahali pa nyumba, migomba, kahawa na zizi. Ni mahali yalipo makaburi ya wazazi. Mipaka yake huwekwa kwa masale, mmea uleule ambao jani lake hupelekwa kuomba msamaha. Mtu aweza kuuza shamba la tambarare bila mtu kukohoa. Akitaka kuuza kihamba, ukoo mzima husimama mlangoni.

Utaratibu wa kimila unaotajwa zaidi mahakamani ni kwamba baba humpatia mwanawe wa kwanza kihamba angali hai, aghalabu anapooa, na mtoto wa mwisho wa kiume hubaki katika nyumba ya baba na kuirithi. Wana wa katikati walitazamiwa kujitafutia ardhi kwingine, jambo lililowezekana ardhi ilipokuwa bado tele. Binti hakutajwa. Mjane alitajwa, ila kama mkaaji: alikaa katika kihamba kwa kivuli cha mwanawe.

Hapa ndipo Kiswahili cha mahakama kinapoanza kuleta utata. Kitenzi kurithi, chenye asili ya Kiarabu na kilichokomaa katika sheria ya Kiislamu, hudokeza kwamba mtu amekufa na mali yake inagawanywa kwa mafungu. Kihamba cha mwana wa kwanza hakikupatikana hivyo. Alionyeshwa mipaka na baba akiwa hai, mbele ya wazee, pengine kwa mbege. Hakimu akiandika kwamba "alirithi," anaiweka ardhi hiyo ndani ya mali ya marehemu, na ndugu wengine wanaweza kudai igawanywe. Akiandika kwamba "aligawiwa na baba yake enzi za uhai wake," ameitoa. Kitenzi kimoja kinaamua nani atahama.

Marehemu aliishi vipi?

Kabla ya hayo yote hakimu hana budi kujiuliza kama shauri ni lake. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeacha kabisa maisha ya kimila huangukia Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, na haiwezi kusikilizwa hapo. Sasa Kilimanjaro ni nchi ya Walutheri na Wakatoliki, na wengi wao hawajaona mgongano wowote kati ya kipaimara na kikao cha ukoo. Mtu amefanya kazi Dar es Salaam miaka 30, amefunga ndoa kanisani, watoto wake hawasemi Kichagga. Lakini amezikwa katika kihamba cha baba yake, na kila Desemba alipanda basi kurudi nyumbani. Mahakama hupima namna ya maisha ya marehemu na nia yake. Kaburi ni ushahidi wa aina gani katika kipimo hicho ni swali ambalo mahakimu wawili waweza kulijibu tofauti, na wote wakawa na sababu.

Mjane katika jalada

Mwombaji wa usimamizi wa mirathi hufika na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kisheria muhtasari huo humsaidia hakimu kumjua anayefaa kuteuliwa, haumfungi. Katika mazoea, huwa na uzito mkubwa, na ni hati inayostahili kusomwa kwa makini ya mhakiki. Tuchukue mfano wa kubuni: muhtasari unaorodhesha kaka wanne wa marehemu na wanawe wawili, kisha unamalizia kwamba "mama atatunzwa." Kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda imemweka mjane nje ya orodha ya wadai bila mtu yeyote kusema kwamba ametolewa. Hakimu asiyeuliza atatunzwa na nani, wapi, na kwa mazao ya ardhi ipi, amekwisha kuamua shauri kabla ya kulisikiliza.

Sheria za nchi zimeisukuma mila kwa nguvu zisizolingana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka kwa Wahaya, alikataa mila iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha kanuni za kimila zinazowanyima wanawake haki ya ardhi. Hata hivyo uamuzi wa 1983 ulihusu talaka. Hivyo hutokea kichekesho kisichochekesha: mwanamke aliyeachwa ana hoja iliyonyooka ya kudai jasho lake katika kahawa, ilhali aliyevumilia hadi kumzika mumewe huambiwa na ukoo kwamba atatunzwa.

Safari ya rufaa

Jalada lililokatiwa rufaa hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu ya Moshi, na kwa idhini juu ya hoja ya kisheria hufika Mahakama ya Rufani. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hukumu za ngazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. A. B. Weston alikwisha kukusanya istilahi za sheria kwa Kiswahili mwaka 1968, lakini kihamba hakikuwa tatizo la istilahi. Kilipofika juu kikiwa kipande cha ardhi tu, makaburi yalibaki chini.

Marekebisho hayo yameondoa daraja moja la ufasiri. Lile la kwanza, kati ya Kichagga na Kiswahili, lingalipo. Migogoro ya ardhi yenyewe ilihamishiwa kwenye mabaraza ya ardhi kwa sheria ya mwaka 2002, ila kihamba huendelea kuingia Mahakama ya Mwanzo kwa mlango wa mirathi. Msimamizi aliyeteuliwa hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 4. Hakimu mzoefu akiona katika orodha hiyo maneno "shamba moja" humrudisha msimamizi aandike upya: kihamba, kijiji kilipo, majirani wa pande zote nne, na jina la anayelala humo.