Kamera nne kabla ya safari

Baba mdogo anaendesha lori kutoka Seattle, Marekani, kwenda Spokane. Kwake usiku, Dar mchana, kwa hiyo mimi ndiye namwangalizia kamera za barabarani mtandaoni. Nafungua nne kwa pamoja, nazipanga kwa mfuatano wa safari, maana bondeni mvua tu, kileleni Snoqualmie, karibu mita 920, theluji. Si video, picha hubadilika kila baada ya dakika chache. Ukiona lori lilelile kwenye picha mbili mfululizo, foleni haisogei. Kuzungukia Stevens? Huko ni juu zaidi, mita 1,240 hivi.

Januari nilimwambia, "Pita tu." Kumbe picha ya kileleni ilikuwa ya saa mbili zilizopita, nilisahau kuifungua upya. Akalala njiani, ndani ya lori. Siku hizi haniulizi kukoje. Anauliza, "Mwanangu, picha ya saa ngapi?"