Mabadiliko ya Vyama vya Wakazi Baada ya Vita: Mfano wa Mbotela na Mitaa Jirani

Makala haya yanafafanua jinsi mabadiliko ya kijamii baada ya Vita vya Pili vya Dunia yalivyoviunda upya vyama vya wakazi wa Eastlands, Nairobi. Mtaa wa Mbotela ni kielelezo mwafaka, kwani jina lake lenyewe ni zao la kipindi hicho. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa Nairobi mnamo Novemba 1952.

Kabla ya vita, serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa mpita njia mjini. Nyumba zilijengwa aghalabu kwa wanaume wasioishi na familia. Wao wakaunda vyama vya kufaana: kusafirisha maiti hadi nyumbani, kuchangia mazishi, kumpokea mgeni kutoka kijijini. Asili na lugha moja ndiyo iliyokuwa tiketi ya uanachama.

Migomo ya Mombasa (1947) na Nairobi (1950) iliutikisa mtazamo huo. Mnamo 1954, Kamati ya Carpenter ilipendekeza mshahara utakaomwezesha mfanyakazi kuishi mjini na mkewe na watoto. Mwaka uo huo, Operesheni Anvil iliwaondoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. KAU ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1953. Hivyo vyama vya kikabila vikawa miongoni mwa majukwaa machache yaliyosalia.

Baada ya uhuru, kandanda ikaubeba utambulisho huo. Abaluhya iliundwa 1964. Gor Mahia ikazaliwa 1968 kwa kuunganishwa Luo Union na Luo Stars. Mnamo 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina Gor Mahia, la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Waluo, lingali linatumika. Asiyeyajua masimulizi hayo halisikii kabila ndani yake.

Hata hivyo, amri hubadilisha jina, haiondoi haja. Msiba ungali unabisha hodi mtaani. Ndiyo maana neno 'chama' katika Kiswahili cha Nairobi limepata maana finyu zaidi: kikundi kidogo cha kuweka akiba na kusaidiana, ambacho mara nyingi huwaunganisha majirani au wafanyakazi wenza wasio wa ukoo mmoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kazi iliyofanywa na watu wa asili moja sasa hufanywa pia na watu wa ploti moja.