Rehani ya Mdomo: Kinachomfunga Mkopaji ni Mwenendo Wake

Mtu akikopeshwa fedha kwa ahadi ya mdomo kwamba nyumba yake ndiyo dhamana, kisha akashindwa kulipa na kukana rehani, je, mkopeshaji anaweza kuidai nyumba ile? Kwa Tanzania, jibu la kwanza ni hapana. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinataka mkataba wa rehani, au walau kumbukumbu ya masharti yake, uwe wa maandishi na wenye saini ya anayedaiwa. Ukali huo una sababu: ushahidi wa mdomo hutungika kirahisi, na kwa ahadi ya jioni moja familia nzima inaweza kukosa pa kulala. Hata hivyo, sheria iliyowekwa kuzuia udanganyifu haifai kuwa ngao ya mdanganyifu. Kifungu cha 180 kinaruhusu mahakama kutumia misingi ya haki na usawa inayofuatwa katika nchi za Jumuiya ya Madola, na Uingereza inatupa mfano mzuri. Huko, tangu mwaka 1989, makubaliano ya kuweka ardhi rehani yasiyoandikwa na kusainiwa na pande zote mbili si mkataba kabisa. Lakini mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilimlinda mkopeshaji wa pauni 50,000 ambaye makubaliano yake hayakutimiza sharti hilo, kwa kuwa mkopaji ndiye aliyemfanya aamini kwamba nyumba ilikuwa dhamana halali, naye akatoa fedha kwa imani hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuifukuza sheria mlangoni na kuirudisha ahadi dirishani. Sivyo, kwa sababu ahadi peke yake haitoshi: mdai lazima athibitishe kwamba alishawishiwa, kwamba alitenda kwa kutegemea ushawishi huo, na kwamba ataumia mwenzake akiruhusiwa kugeuka. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya Uingereza ilimnyima haki katika ardhi mfanyabiashara mzoefu aliyejua fika kwamba makubaliano yake hayakuwa na nguvu kisheria. Hoja nzito zaidi ni ya mwenzi wa ndoa ambaye hakuridhia, au benki iliyosajili rehani yake kwa utaratibu. Hao hawakumshawishi mtu, hivyo mwenendo wa mkopaji usiwaponze. Anayekosa nyumba kwa sababu hiyo bado anaweza kudai fedha zake kama deni la kawaida.