Picha za Kawaida Ndizo Hazina ya Kesho

Barabara ya kutoka Kapsoit kwenda Sondu hupita Sigowet na Kiptere, na mgeni mwenye kamera akiifuata huvutiwa na kitu kimoja tu: majani chai. Si ajabu. Eneo la Kericho na Bomet linapendeza, na kwa miaka mingi kadi na kalenda zimelionyesha kwa namna ile ile: kijani kibichi kila upande, na mchumaji asiye na jina akiwa na kikapu mgongoni.

Mwenyeji wa Kiptere anayependa kupiga picha kwa kujifurahisha ana nafasi ambayo mgeni huyo hana. Yeye anajua ni vitu gani vinaondoka polepole bila mtu kuviaga. Hivyo ndivyo vya kupigwa picha kwanza.

Kamera ya kila mtu

Zamani upigaji picha ulikuwa kazi ya mafundi na matajiri. Mambo yalibadilika mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alipotoa kamera ya Kodak, na zaidi mwaka 1900 ilipotoka Brownie, kamera ya boksi iliyouzwa kwa dola moja. Kamera ya aina hiyo ndiyo aliyoanza nayo Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, akiwa bado mtoto wa shule. Picha alizopiga baadaye, mwaka 1984, ziliufanya ulimwengu uone njaa ya Ethiopia. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro.

Leo simu ya mkononi inatosha kuanzia. Hata hivyo, ni mazishi mangapi tumehudhuria ambapo picha ya marehemu ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi uso ukawa ukungu? Mzee ameishi miaka 80, amelima, amelea wajukuu, na hakuna picha hata moja inayomwonyesha akifanya kazi yake.

Mikono na mashine

Chukua mfano wa uchumaji wenyewe. Mchumaji stadi huchuma majani mawili na chipukizi kwa mikono yote miwili, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Katika mashamba makubwa, mashine zinachukua nafasi ya mikono hiyo. Mwaka 2023 baadhi ya mashine zilichomwa moto Kericho katika maandamano ya watu waliolalamika kwamba zinawanyima riziki. Vyovyote mzozo huo utakavyokwisha, watoto wetu watataka kuona kazi hii ilivyofanywa. Basi piga picha ya vidole, ya kikapu kikijaa, ya foleni kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani.

Majengo makubwa na madogo

Mjini Kericho kuna majengo yanayostahili safari. Kuna Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Kuna Gurdwara ya Masingasinga, inayomkumbuka Baba Puran Singh aliyewahi kuishi mjini humo. Kanisa Kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu lilifunguliwa mwaka 2015, na paa lake linapanda kama mlima.

Lakini majengo hayo yana wapigaji wengi. Nyumba ya udongo ya nyanya yako haina hata mmoja. Simama mahali pamoja kila mwaka uipige picha, pamoja na duka la mabati la sokoni. Baada ya miaka kumi utakuwa na historia ya kijiji ambayo hakuna ofisi iliyoiandika.

Mimea yenye majina

Usipite ua wa boma bila kuutazama. Sinendet ndiyo mmea unaotambaa ambao Wakalenjin huwavisha washindi, wakiwemo wanariadha wanaorudi nyumbani. Senetwet, wenye maua ya manjano, hutoa mkaa wa kupaka ndani ya kibuyu cha mursik. Ukipiga picha ya mmea, piga mti mzima, kisha jani pande zote mbili, ua na tunda. Weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Halafu muulize mwenye umri mkubwa jina lake na matumizi yake.

Saa na adabu

Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa nzuri. Jua likiwa chini, kila mstari wa majani chai huwa na kivuli chake. Adhuhuri shamba lote huonekana kama zulia. Unapompiga mtu picha, usimweke mbele ya anga jeupe, maana uso utakuwa giza. Msogeze penye kivuli chepesi.

Zaidi ya yote, salimu kwanza. Sema "Chamgei", ungoje jibu, ndipo uombe ruhusa. Ukikutana na kogo aliyekataa, mshukuru uende zako. Mashamba ya kampuni yana wenyewe, basi omba ruhusa langoni. Mambo ya jando si ya kamera kabisa.

Andika nyuma ya picha

Picha isiyo na maelezo ni bubu. Chapisha zile bora, maana simu ikipotea na picha zimekwenda. Nyuma yake andika kwa penseli laini jina la mtu, mahali, tarehe na kazi aliyokuwa akifanya. Kisha mpe nakala yule uliyempiga picha. Wachumaji wa kwenye kalenda hawakuulizwa majina yao. Yule wa picha yako atajulikana na wajukuu wake.